Kuwaona samaki wa matumbawe Mtwara: panga safari kwa maji, siyo kwa basi

Kila likizo ikiisha, simu yangu hujaa lawama za aina moja. Mtu katoka Dar, kafika Msimbati, kapiga picha ya mchanga mweupe na bahari ya bluu, karudi kwao. "Mbona hao samaki uliowasifia sijawaona?" Nikimuuliza alifika saa ngapi, ananiambia saa 10 jioni. Nikifungua kalenda, naikuta siku ya bamvua, yaani siku za maji kujaa sana na kupwa sana. Saa hiyo mwamba wote uko chini ya maji marefu yanayokimbia, na samaki wako chini yake wanaendelea na shughuli zao.

Kuna na wenzangu wanaofuga samaki wa mapambo wa maji chumvi. Hao wakishuka stendi tu wanauliza duka liko wapi. Ndugu zangu, acheni kuulizia duka. Fuateni hatua hizi, mtawaona samaki wale wale wakiwa kwao, na mtaelewa kwa nini nyumbani kwenu wanakufa.

## Vitu vya kuandaa

- Jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la Mtwara, kwenye simu au karatasi. Hiki ndicho kifaa cha kwanza.
- Raba nzee za kamba zenye soli ngumu. Yeboyebo hazifai: zinabaki kwenye tope, na mwiba unapenya kwenye matundu yake.
- Miwani ya kuzamia inayofunika pua, pamoja na mrija wa kupumulia.
- Ndoo ya kuchungulia, hasa kama huogelei. Namna ya kuitengeneza iko hatua ya 3.
- Fulana ya mikono mirefu na kofia. Mafuta ya kuzuia jua yapake usoni na shingoni tu, maana baadhi yana kemikali zinazodhuru matumbawe.
- Fimbo nyepesi ya kupimia kina.
- Maji ya kunywa lita 3, chakula, na mfuko wa simu usiopitisha maji.
- Chupa ya chai yenye maji ya moto, siki, na kibanio cha nyusi. Sababu yake utaiona mwishoni.
- Noti ndogondogo, na salio kwenye simu kwa ajili ya malipo ya serikali.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo bahari hujaa sana na kupwa sana, na hapa Mtwara tofauti ya kina hupita mita 3. Katikati yake kuna maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu.

Pwani yetu ina bahati moja. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kukiwa na mwanga mzuri na jua halijawa kali. Hujaa saa 10 au 11, alfajiri na jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ya saa 4 maji yamejaa, alasiri ndiyo yanapwa.

Kila siku saa ya kupwa husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Leo yakipwa saa 4:00, kesho tegemea saa 4:45 hivi, keshokutwa yakaribie saa 5:30. Huna jedwali? Tumia kalenda ya Kiislamu: tarehe 1 hadi 4, na tarehe 15 hadi 18. Bamvua kubwa huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, kwa hiyo usikimbilie siku ya kwanza.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea. Bamvua ni ya kutembea juu ya mwamba. Maji mafu ni ya kuogelea na miwani, kwa sababu mkondo hauna nguvu na tope halitibuki. Kati ya moja na nyingine ni wiki moja, hivyo mwenye siku 8 aanze na bamvua amalizie na maji mafu. Mwenye siku mbili aje bamvua, hata kama anaogelea kama kasa.

Kuhusu msimu, Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma na mawimbi hayana adabu. Desemba hadi Aprili ni mvua, na Mto Ruvuma unamwaga tope lake baharini. Mimi ningechagua Oktoba au Novemba. Kasoro yake ni kwamba ndio msimu wa korosho, mji umechangamka na vyumba vya kulala vinagombewa. Weka nafasi mapema.

Tahadhari: ukija kipindi cha mvua, angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kukata tiketi. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar hadi Lindi, wasafiri wakakwama.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye tarehe na saa ya maji kupwa kabla hujaulizia nauli.

## Hatua ya 2: Jifunze majina sokoni

Kutoka Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560, siku nzima ya basi. Lala mjini, usiunganishe kwenda Msimbati. Asubuhi yake nenda soko la samaki la Feri, karibu na kivuko cha kwenda Msangamkuu.

Kwa nini sokoni? Kwa sababu samaki usiyemjua jina humwoni. Macho yanampita. Nimewahi kumpeleka mgeni mwambani akatoka ameona "samaki wadogo wadogo". Siku ya pili, baada ya saa moja sokoni, akahesabu aina kumi na moja palepale.

Mtazame pono: meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, na ndiyo anayokwangulia matumbawe. Kangaja ana kisu kidogo kila upande wa shina la mkia, usimguse hapo hata akiwa amekufa. Kikande ana ngozi ngumu na mwiba wa mgongoni unaojifunga. Huusimamisha akajibana kwenye tundu, hang'oki. Mwangalie chewa, mkunga, changu, puju mwenye pembe. Bunju huenda usimkute mezani, ana sumu.

Usitegemee rangi. Pono aliyekuwa kijani na buluu kama kitenge cha harusi, akishakaa juani saa mbili anakuwa wa majivu. Shika umbo la mdomo na la mkia. Na usishangae majina yakibadilika: samaki huyohuyo Kilwa ana jina jingine.

Utajua umefaulu ukitaja sita bila kuuliza.

## Hatua ya 3: Tengeneza ndoo ya kuchungulia

Hii ni kwa wasioogelea, watoto, na wote wanaovaa miwani ya kusomea. Kinachokuzuia kuona chini ya maji ya kiunoni si kina, ni viwimbi vya juu vinavyovunja mwanga. Ndoo yenye kitako cha kioo inaviondoa.

Chukua ndoo ya plastiki ya lita 10. Kata kitako, uache ukingo wa sentimita 2 kuzunguka. Fundi vioo akukatie duara la kioo cha milimita 4, dogo kidogo kuliko kitako, na asugue kingo zisikate. Ukingo wa ndoo usugue kwa msasa hadi uwe na mikwaruzo, maana silikoni haipendi plastiki laini. Paka silikoni nene ya akwaria, kandamiza kioo, weka tofali juu, acha saa 24.

Hapa ndipo watu wanapoharibu: kioo kikae nje, chini ya kitako, siyo ndani. Ukiisukuma ndoo majini, maji hukisukuma kioo kuelekea juu, kikajibana kwenye ukingo. Ukikiweka ndani, maji hayohayo yanakibandua. Ndoo yangu ya kwanza niliifanya hivyo, nikaona samaki kwa dakika tano, kisha nikabaki nimeshika bomba.

Kwa sababu hiyohiyo, usiijaribu kwa kuijaza maji. Tandika gazeti kavu ndani, ikandamize kwenye beseni kubwa kwa dakika kumi, halafu shika gazeti. Likiwa kavu, umemaliza. Asiye na muda anunue kontena la plastiki angavu la kuhifadhia chakula. Linafanya nusu ya kazi.

## Hatua ya 4: Fanya mazoezi Shangani

Usianzie mbali. Mwamba wa Shangani uko mjini, bajaji inakufikisha. Siku ya kwanza ya bamvua ingia majini saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yanavyotoka. Hivyo unapata saa nzima na nusu ya kwenda na bado muda wa kurudi unabaki. Wanaoingia wakati yameshapwa huwa tayari wamechelewa.

Kanyaga mchanga au mwamba mtupu. Nyasi bahari pitia polepole kwa kuburuta mguu, ili samaki taa aliyejifukia mchangani akuhisi aondoke. Matumbawe hai usiyakanyage kabisa: tawi unalovunja kwa kisigino limechukua miaka kukua, na mwamba huu umeshaonja ya kutosha, kuanzia baruti za wavuvi haramu hadi joto la mwaka 1998 lililoyafanya matumbawe ya Bahari ya Hindi ya Magharibi yageuke meupe.

Mchana maji yakianza kujaa, panda daladala kwenda Mikindani, kilomita kama 11. Kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lakini mimi ningekupeleka kwanza kwenye mikoko. Simama pembeni ya mizizi maji yakipanda, uchungulie: changu wa urefu wa kidole wamejaa humo. Ni chekechea ya samaki wa mwambani.

## Hatua ya 5: Nenda Msimbati

Msimbati na Ruvula ziko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ukubwa wake kama kilomita za mraba 650. Kuna kiingilio. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali na utunze risiti. Uliza ofisi ya hifadhi viwango vya mwaka huo. Raia na mgeni hawalipi sawa.

Kutoka mjini ni kilomita 40 na kitu kupitia Madimba. Ili uwe mwambani saa 3 asubuhi, ondoka saa 12. Kuanzia Msimbati kwenda Ruvula njia ni mchanga mtupu. Gari dogo litazama na wewe utalisukuma. Chukua bodaboda wa palepale Msimbati anayeujua mchanga, na mpatane ya kwenda na kurudi kabla hujapanda.

Kijijini salimia kwanza. Vaa kanga au kaptula ndefu mpaka ufike majini. Ukimpata kijana au mama wa kuongozana naye mwambani, mlipe vizuri, macho yake yanazidi kifaa chochote ulichobeba.

Sasa, namna ya kuliangalia dimbwi. Watu husimama juu yake, wakaona mawe, wakaondoka. Chuchumaa. Kivuli chako kiangukie nyuma. Hesabu dakika tatu bila kusogea. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, "kombe" moja linaanza kutembea. Ni kaa anayeishi kwenye nyumba ya kuazima. Ya tatu, samaki wa buluu wa ukubwa wa ukucha anatoka chini ya jiwe, anamfukuza mwenzake, anarudi. Hilo jiwe ni lake.

Kwenye dimbwi la kina cha magoti tafuta anemoni, kama zulia la vidole laini linalopepea. Ukiwaona samaki wa rangi ya chungwa wenye mikanda meupe ndani yake, usisogee tena. Yule mkubwa kuliko wote ni jike. Akifa, dume mkubwa hubadilika kuwa jike na kushika nafasi yake. Wafugaji, hapo mmepata jibu la kwa nini wale wawili mliowanunua wanapigana.

Tafuta pia mlango wa pweza. Ni tundu lenye rundo la magamba ya kaa na makombe mbele yake, na vijiwe vimepangwa mlangoni kama vya jikoni. Mara ya mwisho nilikuwa nimechuchumaa mbele ya tundu kama hilo, mama mmoja akapita na chuma chake cha kuchokolea na pweza wanne begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umedondosha nini humo?"

"Sijadondosha kitu, naangalia tu pweza."

"Unaangalia tu?" Akainama, akachungulia, akacheka. "Huyo ameshahama tangu juzi. Tazama, magamba yameota majani."

Kweli, magamba yalikuwa na ukijani. Tundu lenye mwenyewe lina magamba meupe, masafi. Hilo sikulisoma popote.

Utajua umefaulu usipokumbuka kutazama saa. Lakini itazame.

## Hatua ya 6: Geuka kabla bahari haijageuka

Weka kengele ya simu ilie saa ileile jedwali linaposema maji yamepwa kabisa. Ikilia, geuka. Usiseme "dakika kumi tu".

Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Chukulia kupanda kwa mita 3 ndani ya saa sita. Saa ya kwanza hupanda kama sentimita 25, na hapo ndipo unapodanganyika. Saa ya pili 50. Saa ya tatu na ya nne hupanda 75 kila moja. Tena hayaji kutoka mbele unakoyatazama. Hupitia kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati ya mwamba na ufukwe.

Nilijifunza hilo nikiwa ukingoni namsubiri mkunga atoe kichwa nimpige picha. Nilipogeuka, mfereji niliouvuka kwa maji ya kifundo ulikuwa kifuani, na unakimbia. Nilivuka, nimenyanyua simu juu. Katikati niliteleza. Simu ile sikuiona tena na picha za mkunga zilienda nayo.

Kwa hiyo, ukivuka mfereji wakati wa kwenda, choma fimbo mchangani ukumbuke ulipo. Na usiende peke yako.

## Hatua ya 7: Rudi siku za maji mafu, uogelee

Kama unaogelea, Ruvula ndiyo mahali. Kina huanza karibu na ufukwe, huhitaji boti. Ingia maji yakiwa yamesimama, nusu saa kabla ya kujaa kabisa. Temea mate kioo cha miwani, sugua, suuza, haitaweka ukungu. Ogelea kwanza kinyume na mkondo, ili ukichoka ukurudishe.

Mtafute samaki msafishaji, mwembamba, mwenye mstari mweusi juu ya mwili wa buluu. Anakaa mahali pamoja, na samaki wakubwa wanakuja wenyewe, wanapanua mdomo, anaingia kula vijidudu. Chewa anayeweza kummeza anatulia kama mtu kwenye kiti cha kinyozi. Wafugaji, huyu mwacheni. Ndani ya tangi hapati wateja, na wengi hufa njaa.

## Ukiumia

Wanyama watatu wa kuwaogopa. Wa kwanza ni yule wa duara mwenye miiba mirefu myeusi. Mwiba ukivunjika mguuni, ulioonekana utoe kwa kibanio, uliozama usiuchimbe. Loweka kwenye maji ya moto na siki.

Wa pili ni samaki jiwe, anayefanana na jiwe lenye ukoka. Miiba yake ina sumu na maumivu yake hayana mfano. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ya Ligula ikianza. Hapo ndipo chupa ya chai inapolipa. Maji yajaribiwe na mtu mwingine, maana mguu wenye maumivu haujui joto.

Wa tatu ni konokono wa umbo la koni, mwenye nakshi nzuri. Anachoma, na sumu yake inaweza kuua. Usiokote kombe lolote lililo hai, hata likikuita.

## Kuhusu kubeba kitu

Usibebe. Ndani ya hifadhi ni kosa. Ukivuka mpaka, matumbawe magumu, farasi wa bahari na makombe makubwa ya chaza-jitu yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na huwezi kuyapitisha bila kibali.

Mfugaji abebe daftari. Andika nani anakaa na nani, nani anamfukuza nani, mkondo una nguvu kiasi gani pale anemoni ilipo, mwanga unaingia kwa pembe ipi. Joto la dimbwi usiliige: jua la saa 6 huweza kulipitisha nyuzi 33, na waliomo wanavumilia saa mbili tu wakisubiri bahari irudi.

Andika usiku uleule, kabla ya kulala. Raba zisuuze kwa maji baridi na uzitoe nje, la sivyo mwenye gesti atakugongea kuuliza umeficha samaki gani chumbani.